Mbegu Isiyofika Mamboya

Kuna siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Nilishuka kwenye lori pale Kimamba nikiwa na mzigo wa mbegu kichwani. Mzigo ule ulitakiwa kwenda Mamboya, lakini badala ya kutafuta gari la kuendelea nalo nikashika njia ya kwa dada yangu. Wala usidhani nilipotea. Nilijua vizuri ninakokwenda.

Nakusimulia haya wewe uliyekabidhiwa ghala la mbegu la kikundi chetu hapa Mikumi. Wenzako walikuchagua kwa sababu umesoma, una simu nzuri na huna makuu. Nami nilikunyooshea mkono huu huu wenye baridi yabisi, kwa hiyo nina haki ya kukusumbua. Kaa. Chai ipo kwenye chupa. Mzee akianza kusema hakatishwi, na leo sina haraka ya kwenda popote.

Mimi ni mzaliwa wa Kimamba. Babu yangu aliletwa kukata mkonge, baba yangu akafanya kazi kwenye reli, na sisi watoto tukakua tukijiona werevu kuliko watu wa mashambani, eti kwa sababu tulikuwa tunasikia honi ya treni kila siku. Nilipoolewa bondeni, upande wa mto Mkondoa, nikakuta watu wanaoijua mvua kabla haijanyesha, na mimi hata kupalilia nakata mmea naacha magugu. Mama mkwe wangu, Bi Zena, hakunicheka. Alinifundisha polepole. Nikajifunza haraka, na kwa vile nilijifunza haraka nikadhani nimemaliza.

Bi Zena na wanawake wa nyumba sita za pale walikuwa na desturi yao. Kila baada ya mavuno walichagua mahindi mazuri ya mbegu, wakayafunga kwa maganda yake, wakayagawa mafungu mawili. Fungu moja lilibaki nyumbani, darini juu ya jiko, ili moshi uyakinge na wadudu. Fungu la pili lilipandishwa Mamboya, milimani, kwa mwanamke aitwaye Mama Eliya. Yeye na majirani zake nao waliteremsha maharage yao ya mbegu, yakakaa kwa Bi Zena. Mto ukifurika huku, mbegu ya huku ipo kule. Jua likiunguza kule, mbegu ya kule ipo huku. Na kulikuwa na sharti moja dogo: mzigo mpya ukishafika, ule wa mwaka uliopita hupukuchuliwa na kuliwa, maana mbegu ikizeeka sana haioti.

Bi Zena alikuwa mtu wa swala tano, Mama Eliya mtu wa kanisani tangu kuzaliwa. Walijuana sokoni wakiwa wasichana, mmoja anauza mchele, mwingine maharage. Hawakuwahi kuandikiana karatasi. Kila mmoja alijua tu kwamba mwenzake yupo.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu Bi Zena alikwenda nami, nikaijua njia. Mwaka wa pili mgongo ulimshika, akanipa mzigo niende peke yangu. Mbegu za nyumba sita, mwanangu. Kila mwanamke alileta fungu lake kwa mkono wake, na jirani yetu Bi Tatu, mjane mwenye watoto wanne, alileta yake imefungwa kwenye kipande cha khanga mpya, kana kwamba anampa mtu zawadi.

Kwenye lori nikaanza kufikiri. Mbegu nzuri namna hii ikalale darini mwaka mzima kufukizwa moshi? Mume wangu alikuwa na kipande cha shamba kwenye kona ya mto, udongo mweusi, kimekaa bure kwa sababu yeye alikuwa Ruhembe kwenye kazi ya kukata miwa. Nikasema moyoni, nikipanda huko vuli hii nitavuna hadi nichoke, nitarudisha mbegu ya watu, nitabaki na magunia yangu mwenyewe, na kijiji kizima kitajua kwamba mtoto wa stesheni ana akili. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliuacha mbachao, na msala wenyewe ulikuwa hata haujapita.

Nikakaa kwa dada siku nne. Yeye alidhani nimegombana na mume, akawa ananipikia vizuri na kunionea huruma. Nikauficha mzigo chini ya kitanda chake, nikarudi bondeni mikono mitupu.

"Wameupokea?" Bi Zena akaniuliza.

"Wameupokea, mama."

"Na maharage yao?"

"Hayajakauka sawasawa. Watayateremsha wenyewe."

"Mama Eliya mguu wake vipi?"

Mchovya asali hachovyi mara moja, na uongo ni hivyo hivyo, ukishausema mmoja unatamani kuupamba. Nikamwambia, "Mguu umepona kabisa, mama. Anakusalimu sana. Anasema mwakani atashuka mwenyewe akuone."

Bi Zena akafumba macho, akasema alhamdulillahi. Uso wake ulijaa furaha. Mimi nikaenda zangu kisimani.

Vuli ilipoanza nikaileta ile mbegu kidogo kidogo, nikasema nimepewa na dada. Nikaipanda yote kwenye kona ya mto. Iliota vizuri mno, mwanangu, sitakudanganya. Majani mapana, rangi nzito ya kijani, mabua kama mkono wa mwanamume. Wapita njia walisimama kuyatazama mahindi yangu, nami nilikuwa napita pale hata pasipo kazi, nisikie tu watakavyosema.

Kisha ikaja mvua tusiyoizoea. Ilinyesha milimani siku tatu mfululizo, na sisi bondeni tukiona mawingu meusi tu kwa mbali. Alfajiri ya siku ya nne mto ukaingia mashambani. Kona yangu ndiyo iliyotangulia kwenda, halafu mashamba ya bondeni yote, halafu maji yakaanza kulamba nyumba. Jiko la udongo halina ubavu mbele ya maji. Ukuta ulilainika, ukakaa chini, na dari lililobeba mbegu likaenda na mto. Nyumba zote sita. Tulikimbilia kwenye tuta la reli na watoto, mbuzi na masufuria, tukasimama pale tumelowa, tunatazama mahali palipokuwa na kijiji.

Wanawake walikuwa wanalia. Bi Zena akajifunga khanga kiunoni vizuri, akasema kwa sauti, "Jamani, nyamazeni. Roho zote zipo, tumehesabu. Na mbegu ipo Mamboya. Maji yakipungua tunapanda, masika bado ina nafasi."

Ungeziona zile nyuso! Bi Tatu alicheka na machozi yake yakiwa bado yanatiririka, akamvuta mwanawe mdogo akamwambia, "Umesikia? Tutakula." Mimi nilisimama pembeni yake. Ningekufa wakati ule ningeona nafuu.

Bi Zena akanigeukia. "Mkwe wangu, njia unaijua wewe. Nenda ukailete."

Hapo ndipo ningesema. Watu wote walikuwepo, na aibu yangu ingekuwa kubwa lakini siku zingeokoka, wangetuma mtu huku na huku kutafuta mbegu kwa ndugu. Sikusema. Nilisema, "Sawa, mama." Nikaondoka.

Barabara ilikuwa imekatika sehemu nyingi, reli nayo tuta lilikuwa limechimbwa, vyuma vinaning'inia. Hapakuwa na gari. Nikatembea siku mbili. Siku ya kwanza nilitembea nikitunga maneno: nitasema mzigo uliibiwa, nitasema lori lilipinduka. Siku ya pili maneno yakaniishia, nikatembea tu. Nilishavuka vijito hadi kifuani na viatu vilikuwa vimebaki kwenye tope tangu jana yake. Kitu kimoja kilinisukuma, uso wa Bi Tatu akimwambia mtoto watakula. Nikaapa kwamba sirudi bila mbegu, hata kama ni ya kuomba nyumba kwa nyumba, hata kama ni ya kulimia watu mwaka mzima.

Mama Eliya alikuwa anaanua nguo nilipofika. Alikuja kunipokea, na nikaona anachechemea, mguu umevimba zaidi ya mwaka ule wa kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si mkwe wa Zena? Zena yu hai?"

"Yu hai."

"Mungu ni mwema," akasema, akakaa chini pale pale kwenye majani. "Mzigo haukuja mwaka huu. Nikajua mna msiba."

Nikafungua mdomo niseme habari ya wezi. Ukatoka ukweli. Sijui kwa nini, labda ni kwa sababu ya ule mguu. Nilimwambia yote, dada, kitanda, kona ya mto, salamu. Hakunikatiza. Nilipomaliza akanyanyuka kwa shida, akaniambia nimfuate jikoni, akaninyooshea kidole juu.

Mahindi yalikuwa yananing'inia darini, meusi kwa moshi. Yale ya mwaka uliotangulia, yale tuliyopeleka mimi na Bi Zena.

"Desturi ni kwamba mpya ikifika, ya zamani tunakula," akasema. "Mpya haikufika. Basi hatukula. Tulipungukiwa hapa, usifikiri hatukupungukiwa. Majirani waliniambia, Mama Eliya, hao wa bondeni wamekusahau, pukuchua tusage. Nikawaambia mtu hali mbegu ya mwenzake kabla hajajua kilichompata."

Nikapiga magoti. Yeye akakasirika sasa, maana machozi yangu yalimuudhi kuliko kosa.

"Inuka. Sikiliza. Mto haukuwakosea, mto ni mto, utakuja tena. Ungeniletea neno tu, kwamba mwaka huu mbegu haiji, ningejua la kufanya. Na Zena angejua. Wewe ulimwacha mama wa watu amelala usingizi, anaamini mgongoni kwake pana ukuta, kumbe umeubomoa. Mficha uchi hazai, binti. Ungesema, ungesaidiwa."

Kila neno nimelibeba tangu siku ile. Nimezeeka nalo.

Hakunipa mbegu siku hiyo. Alitwaa punje kumi kutoka kwenye mahindi mbalimbali, akazifunga kwenye kitambaa kibichi, akakiweka karibu na jiko mahali pa uvuguvugu. Siku zote za kusubiri alinipeleka shambani kwake, nikapalilia maharage sehemu yake na yangu, maana mguu haukumruhusu. Kitambaa kilipofunguliwa, punje sita zilikuwa zimetoa mzizi. Nne zimekufa.

"Haitoshi kupanda kama kawaida," akasema. "Kila shimo tieni punje nne badala ya mbili. Eneo litapungua, lakini litaota." Akaniongezea mtama na maharage ya muda mfupi, ili ikiwa masika itakatika mapema pawe na kitu cha kuvuna. Kisha akanitazama. "Na usimgawie mtu hata punje moja kabla hujawaambia. Nitajua. Nitashuka mwenyewe na mguu huu huu kuuliza."

Nikarudi na mzigo kichwani. Mwanangu, ule ulikuwa mzigo mzito kuliko yote niliyowahi kubeba, na sikuupumzisha ila pale nilipolazimika. Vijana waliokuwa wanakarabati reli walinivusha mahali pabaya wakinitania kwamba nimebeba dhahabu. Niliwajibu kwamba ni zaidi.

Wanawake walikusanyika kwenye kiwanja cha Bi Zena, au tuseme pale palipokuwa kiwanja. Walipoona mzigo walipiga vigelegele. Nikawaomba wanyamaze. Nikasema. Nilisema nikiwa nimesimama, sauti inatetemeka, lakini sikuacha kitu. Walipokwisha kusikia hapakuwa na aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Bi Zena aliuliza swali moja tu. "Na zile salamu?"

"Nilizitunga, mama."

"Na mguu wake?"

"Umevimba zaidi."

Akajifunika uso kwa khanga. Alilia kwa ajili ya mguu wa rafiki yake, mwanangu. Mashamba yalikuwa yameondoka, nyumba imeondoka, naye hakuwa amedondosha chozi mbele za watu. Alilia kwa sababu nilimfurahisha kwa kitu kisichokuwepo, akaacha kumwombea mwenzake dua. Ningeweza kulipa mahindi. Lile sikuweza kulilipa, na bado sijalilipa.

Aliyetangulia kusema ni Bi Tatu. Akajipangusa mikono, akasema, "Masika haitungoji tumalize kukasirika. Punje nne kila shimo, ndivyo alivyosema?" Akachukua jembe. Wengine wakamfuata. Walinipa mstari wangu katikati yao, na hakuna aliyezungumza nami hadi jua lilipokuwa kichwani, ndipo mmoja akanipa maji.

Mahindi yaliota kwa mapengo, mtama ukajaza mapengo. Mwaka ule tulikula uji mwepesi na mboga nyingi, lakini hakuna nyumba iliyohama wala mtoto aliyezikwa kwa njaa. Na desturi haikufa. Wanawake waliamua kwamba kuanzia hapo wawili ndio watakaopandisha mbegu, asiende mmoja peke yake, na kwamba anayepokea atafunga maharage yake mwenyewe kwa fundo analolijua mwenzake, yarudi kama ushahidi. Nilidhani hawatanituma tena. Mwaka uliofuata Bi Zena alinitaja wa kwanza. Aliniambia, "Wewe unajua bei ya kutofika." Niliipanda ile milima miaka mingi hadi magoti yakakataa.

Sasa tuzungumze habari yako.

Siku hizi mvua haina adabu kabisa. Inachelewa mpaka watu wanachoma mabua kwa hasira, halafu inakuja yote wiki moja, inakata barabara ya Kilosa, malori hayafiki, vitunguu vinaozea shambani na mnunuzi anapiga simu kuuliza mzigo uko wapi. Ndiyo maana tulijenga ghala, tukagawa aina tatu tofauti za mbegu, tukatafuta wanunuzi zaidi ya mmoja. Mambo hayo yote ni mazuri, nami nimeyapigania katika mikutano hadi wengine wakanichukia. Lakini kila moja ya mambo hayo linashikiliwa na mtu. Mtu akisema "ipo" wakati haipo, ghala ni mabati tu.

Juzi nilikuja ghalani ukaniambia ufunguo hauonekani. Nikangoja hadi ulipokwenda kupokea simu, nikasukuma mlango, maana haukuwa umefungwa. Paa linavuja kwenye kona ya nyuma. Nilitia mkono ndani ya gunia la chini, nikakuta joto, na harufu ya uvundo ikanijia puani. Mbegu iliyolowa huchemka yenyewe, hilo nililijua kabla wewe hujazaliwa. Watu wanapanda baada ya wiki mbili, mwanangu. Nyumba zaidi ya arobaini zinalala usingizi zikiamini zina mbegu.

Sijamwambia mtu. Sikuja kukukamata. Nimekuja kwa sababu najua ulivyo tumboni mwako sasa hivi, najua chakula hakipiti, najua umeshatunga maneno mawili matatu. Mvua ndiyo iliyotoboa paa. Kosa lako halijawa kubwa bado, na njia ya mwongo ni fupi, na wewe ndiyo kwanza umeikanyaga.

Basi sikia nasaha yangu, niseme wazi nisikufiche. Usiweke tumaini la watu wote kwenye kona moja ya mto, hata kama udongo ni mweusi na mahindi yanachekelea. Weka mbegu juu na chini, kwa anayefanana nawe na kwa asiyefanana nawe. Mtunzie mwenzako kitu chake ungali mzima, ili naye akutunzie chako. Pima mbegu kabla ya kuahidi. Na kitu kikipotea, sema siku hiyo hiyo, mapema, kwa mdomo wako mwenyewe. Tumepigwa na mafuriko, tumepigwa na ukame, na bado tunalima. Sijaona kijiji kilichomalizwa na mvua peke yake. Nimeona waliomalizwa na mvua pamoja na kimya cha mtu mmoja.

Kesho asubuhi kuna mkutano wa kikundi. Nitakaa benchi la mbele ili ukitafuta uso wa kuutazama uutazame wangu. Simama, sema paa limevuja na magunia mangapi yamelowa. Watakasirika, waache wakasirike, ni haki yao. Wakimaliza, mimi nitasimama nitaje nyumba tano ninazojua zina mbegu ya akiba, na watu wa Mamboya nimeshawasalimu kwa simu, salamu za kweli safari hii. Kazi iliyobaki tutaifanya pamoja, na wiki mbili zinatosha kwa watu wanaojua wanachokitafuta.

Mungu akupe nguvu ya miguu usimame, akupe ulimi usiotetemeka sana. Akubariki mikono, ulishike shamba na usiliachie. Akuzungushie watu wa kukuuliza maswali ya kweli, na wewe usiwakimbie. Akujalie uzeeke, uone mvua nyingi nzuri na mbaya, na kila mtu aliyekuamini akute ulichomwambia. Haya, kunywa chai yako, imeanza kupoa. Halafu twende ghalani tukayatoe hayo magunia ya chini, tuyaanike kabla jua halijazama.